Hapo Mbele Tu

Igogo, Mwanza
Jumapili, 19 Januari 2025

Mwanangu Dorcas,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimetoka misa ya kwanza, chai nimekunywa, kalamu nimeikuta bado ina wino, basi nikasema leo ni siku ya mwanangu.

Sisi wazima. Mguu wangu unauma unapotaka, ukichoka unaacha wenyewe. Baba yako mdogo Mayala ametuma salamu toka Magu, wanapandikiza mpunga na mvua haijawaangusha. Simu bado sijanunua. Ile ya kwanza si unajua ilivyozama kwenye ndoo ya kuoshea dagaa, na sikio langu la kulia limekwisha kufa, la kushoto nalo linachechemea. Simu ninunue niiangalie? Barua inatosha. Hii anakuletea Chenge, yule utingo wa mabasi ya Bukoba, wa jumuiya yetu, na nyingine mpe yeye yeye akirudi. Hapotezi kitu huyo, labda kofia zake.

Sasa nikwambie, nilifurahi ulivyoondoka ile Jumatatu. Saa kumi na moja alfajiri, begi mgongoni, hakuna jirani aliyekohoa. Ndivyo nilivyokulea. Safari ni ya mtu na Mungu wake. Ukiitangaza unawagawia na wasioipenda. Kesho yake Paskazia wa nyumba ya pili akaniuliza bombani, "Dorcas mbona simwoni?" Nikamjibu amelala. Siku ya tatu akauliza tena, nikamjibu amelala. Nadhani sasa anaamini una malale. Nimeshaungama kwa padri, kacheka, kanipa Salamu Maria tatu.

Kwa hiyo shika yale yale. Fedha usiweke mahali pamoja. Usifike mahali usipopajua giza limeingia. Mtu akikuuliza kwenye basi unaelekea wapi, jibu ni moja: hapo mbele tu. Na rozari iwe mfukoni, si kwenye begi, maana begi laweza kwenda peke yake.

Niandikie umefikaje. Wiki mbili zimepita, na Chenge anarudi mikono mitupu.

Mama yako mkubwa,
Teodora


Bukoba
9 Februari 2025

Mama Mkubwa, shikamoo.

Natumaini mguu umechoka na umeacha. Samahani sana kwa ukimya, nilikuwa na mambo ya kuanza muhula chuoni. Mimi mzima sasa. Nilipofika nilikuwa na homa kidogo na nilichelewa kuripoti siku tatu, lakini si neno, walinipokea. Hapa mvua ni ya kila siku, nguo hazikauki, na wenzangu wa huku wananicheka ninavyokula ndizi kama mtu anayepewa adhabu.

Nina jambo la kukuomba. Tarehe 19 Mei tunakwenda mazoezi ya vitendo, wiki nne. Mimi na wenzangu wawili tumepangiwa kituo cha afya kisiwani Bumbire. Ni gari mpaka Muleba, kisha mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, kisha mtumbwi wa injini. Kuna kina mama kule wanajifungua na wauguzi ni wachache. Mama Mkubwa, nimeutamani ukunga tangu nikiwa mdogo, wewe unajua kwa nini.

Mshauri wetu wa wanafunzi ametupa fomu. Kila anayesafiri aandike atapita wapi, atafika saa ngapi, na majina mawili ya watu wa nyumbani watakaojua safari yake yote: mmoja mzazi au mlezi, mwingine mtu wa karibu mwenye simu inayopatikana. Mlezi atie sahihi. Usipofika kwa wakati, hao ndio wanaoanza kuuliza. Bila fomu huendi, na usipokwenda unarudia mwaka.

Fomu iko ndani ya bahasha hii. Naomba uijaze, jina lako na la mtu mmoja hapo mtaani. Mwisho ni tarehe 5 Mei.

Msalimie Salum fundi baiskeli, mwambie ile breki aliyotengeneza bado inakamata.

Mwanao,
Dorcas


Igogo
2 Machi 2025

Mwanangu,

Amani ya Bwana. Kwaresima inakaribia, nimeanza kujizoeza kutosema watu, naona kazi ni kubwa. Salum amefurahi na salamu zako, anasema breki yake ile hata shetani akiipanda itamsimamisha. Kuku mweupe ametotoa saba, mwewe kachukua mmoja, tuna sita.

Chenge anakuletea kifurushi. Kuna kanga mbili, dawa ya kuharisha, chumvi, tochi na mfuko wa nailoni wa kufungia vyeti na kitambulisho visilowe. Kwenye mtumbwi usikae ukingoni. Wakisema jaketi okozi ni la wageni, wewe ni mgeni, livae. Vua viatu vizito kabla ya kupanda. Haya yote nakupa kwa moyo mmoja.

Fomu sikupi. Nimeiweka chini ya kitambaa cha meza na hapo itakaa. Kuandika safari kwenye karatasi, siku na saa, halafu na jirani asomewe, ni sawasawa na kuibandika stendi. Mama yako Suzana alitangaza safari yake. Siendelei. Wewe ulikuwa na miaka sita, mimi nilikuwa na akili zangu timamu, najua nilichokiona. Mwambie huyo mshauri kuwa kwenu hamna desturi hiyo, atafute njia nyingine. Wazazi wake hawakumfunza?

Halafu, mwanangu. Umeandika ulichelewa siku tatu. Uliondoka hapa tarehe 6 alfajiri, na basi hufika Bukoba jioni hiyo hiyo. Hizo siku tatu ulikuwa wapi? Nimesoma barua yako mara nne, nazitafuta, hazimo.

Teodora


Bukoba
16 Machi 2025

Mama Mkubwa, shikamoo.

Kifurushi kimefika, na chumvi haikumwagika. Asante. Vifaranga sita wanatosha, usimlaani mwewe, ni Kwaresima.

Nilitaka nisikwambie. Umeuliza, basi kaa chini kwanza, na ujue kwamba mimi niko hapa nimeshiba na naandika nikiwa mzima.

Ile Jumatatu niliondoka na homa. Nilijua ukiigusa shingo yangu hutaniacha niende, ndiyo maana nilikuaga kwa mbali. Kwenye basi nikakaa na mama mmoja mnene mwenye kikapu cha mihogo. Akaniuliza, "Binti, waelekea wapi?" Nikamjibu, "Hapo mbele tu." Akacheka, "Hapo mbele hata Kongo ipo." Nikageukia dirisha.

Simu nilimpa dereva anichajie. Begi lilikuwa juu. Kigongo tukashuka kama kawaida, abiria tunaingia kivukoni kwa miguu na basi linaingia kwa zamu yake. Majini nikaanza kutetemeka. Tulipofika ng'ambo, Busisi, nikaona ardhi inapanda kuja usoni. Nikakaa nyuma ya kibanda cha mama anayekaanga samaki. Nilitaka kupumzika kidogo tu, Mama Mkubwa. Sikumbuki kingine.

Basi lilingoja. Hilo nililijua baadaye. Utingo, si Chenge, hilo si basi lake, akahesabu, akaona mmoja kapungua, akauliza nani amekaa na yule binti. Yule mama wa mihogo akasema, na hakuwa mwongo: "Kaniambia anashuka hapo mbele tu. Bila shaka amefika." Basi likaondoka.

Nilizindukia zahanati, dripu mkononi. Malaria kali. Yule mkaanga samaki, anaitwa Sabina, ndiye aliyenibeba na mwenzake. Muuguzi akaniuliza, "Tumpigie nani?" Namba zote zilikuwa kwenye simu na simu ilikuwa Bukoba. Majina yenu wote nayajua mpaka ya ubatizo, namba ya mtu hata mmoja sikuijua. Wewe huna simu. Pale chuoni sikuwa nimemwambia mtu siku ninayorudi. Nilikaa pale siku tatu. Chuo kilijua niko nyumbani. Nyumbani ulijua niko chuoni, na ulikuwa unamwambia Paskazia kuwa nimelala. Kweli nilikuwa nimelala.

Sabina aliniletea uji asubuhi na jioni. Siku ya pili aliniambia, "Binti, ungekufa tungekuandika jina gani?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anapuliza uji upoe.

Begi na simu nilivikuta ofisi ya basi, vimetunzwa.

Mama Mkubwa, sikulaumu. Najua umenilea kwa kunipenda. Lakini mtumbwi wa Bumbire sipandi tena kama mtu asiye na kwao. Naomba ile fomu.

Mwanao,
Dorcas


Bukoba
13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Mama Mkubwa, shikamoo.

Wiki nne sijapata neno. Chenge anasema uko mzima, anakuona kanisani, anasema ukimwona unapita mlango wa pembeni. Umenikasirikia? Bora unigombeze.

Wenzangu wawili wamesharudisha fomu zao. Zimebaki siku ishirini na mbili.

Dorcas


Igogo
27 Aprili 2025

Mwanangu, mwana wa Suzana,

Kristo amefufuka. Sikukukasirikia. Nilishindwa kushika kalamu. Kila nilipoishika niliona kibanda cha samaki na miguu yako imetokeza nyuma yake, na mimi huku bombani nasema amelala.

Kwanza, Sabina wa Busisi nimempelekea kitenge na debe la karanga, kwa mkono wa Chenge. Alirudisha nusu ya karanga, eti ni nyingi. Watu wa namna hiyo wapo bado.

Sasa nikusimulie lile nililolisema nusu. Mwaka 2011 mama yako alikuwa anakwenda Geita kwa shoga yake aliyejifungua. Yeye alikuwa mtu wa kusema, mama yako. Alisimama hapo uani akamwambia Paskazia kila kitu: nakwenda kesho, basi la saa mbili, nimepata siti ya saba, dirishani, nitavaa gauni langu la njano. Paskazia akamwambia, "Una raha wewe." Mimi nilisikia kwa sikio hili ambalo sasa limekufa. Kesho yake njia ilikuwa na utelezi na basi likapinduka. Hayo unayajua.

Usiyoyajua ni haya. Habari ilipofika, watu walikimbilia stendi wakilia, hawajui ndugu yao yumo au hayumo. Paskazia ndiye aliyekwenda kwa askari akawaambia: Suzana, siti ya saba, gauni la njano, kovu kwenye goti. Jioni ile ile tukampata mama yako, tukamleta, tukamvisha, tukamzika kama mtu mwenye kwao. Wako waliolala pale siku nne bila jina. Nami badala ya kumshukuru nikasimama msibani, mbele ya watu, nikauliza kama namwita mchawi, ilhali nilisikia mwenyewe akiambiwa: "Amejuaje yote haya? Muulizeni amejuaje!"

Paskazia alichukua sufuria zake alizokuja nazo kutupikia, akaenda nazo zikiwa bado za moto.

Miaka kumi na minne, Dorcas. Padri akisema tupeane amani mimi nageukia upande wa nguzo. Na nilijua. Hilo ndilo lililonizuia kalamu. Nilijua mapema sana kwamba maneno ya mama yako hayakumwua. Ndiyo yaliyomrudisha nyumbani. Lakini ningekubali hilo, ningebaki na basi na mvua tu, na hivyo huwezi kuvinunia. Jirani unaweza.

Jumatatu ya Pasaka nikaenda. Alikuwa anapara sato mlangoni.

"Hodi."

"Nani?"

"Teodora."

"Teodora yupi?"

"Kwani mtaa huu tupo wangapi?"

"Mimi ninayemjua habishi hodi kwangu. Hupita."

Magamba yanaruka, mengine yananishika kwenye kanga. Baadaye akasema bila kuinua uso, "Umekuja kuniuliza tena nilijuaje?"

"Hapana. Nimekuja kukuomba ujue."

Kisu kikasimama. Nikamsimulia Busisi yote, mpaka ule uji. Alipomaliza kusikiliza alikuwa analia na kucheka. "Kumbe hakuwa amelala! Mimi nilikuwa nauliza kila siku, nasema moyoni, hawa wamenificha mtoto au wamemfungia?" Nikamwomba msamaha. Kwa sauti, maana mtu asiyesikia vizuri hajui kuomba msamaha kwa kunong'ona. Akasema, "Punguza, Mama, watasikia mpaka sokoni. Nimekusamehe zamani, nilikuwa nangoja uje uchukue." Kisha akanipa sato mkubwa kuliko wote, akaniamuru nimpare mwenyewe.

Fomu hii hapa. Jina la kwanza langu, na sahihi yangu hiyo iliyopinda. La pili Paskazia, na namba yake. Ameiandika yeye mwenyewe, halafu akaiandika tena kwenye karatasi ndogo, anasema uikariri kama Baba Yetu. Chenge ameapa itafika kabla ya tarehe tatu.

Bado naogopa, nisikudanganye. Ila sasa tunaogopa wawili.

Mama yako mkubwa,
Teodora


Bukoba
11 Mei 2025

Mama Mkubwa, shikamoo. Na Mama Paskazia, shikamoo, najua mnasoma wote.

Fomu ilifika tarehe 2. Mshauri aliiangalia sahihi akasema, "Huyu mama alikuwa anatetemeka?" Nikamwambia hapana, huyu mama alikuwa anapara samaki.

Barua yako niliisoma nikiwa nimejifungia bafuni ili nilie vizuri. Sikujua lile gauni lilikuwa la njano.

Safari ni hii. Jumatatu tarehe 19, saa mbili asubuhi, gari la chuo mpaka Muleba. Saa sita tuwe mwaloni. Mtumbwi saa saba, Bumbire kabla ya saa tisa alasiri, Mungu akipenda. Tuko watatu, hatuachani. Nikifika natuma ujumbe. Saa kumi ikifika kimya, Mama Paskazia apige kwa mshauri, kisha kituo cha afya, kisha mwenyekiti wa mwalo. Namba zote nimeziandika nyuma ya karatasi hii. Nina dawa ya malaria, vyeti viko kwenye nailoni, simu naichaji mwenyewe na haitoki mkononi. Namba ya Mama Paskazia naijua hata usingizini. Nimeiandika pia kwenye ukosi wa koti, kwa ndani.

Dorcas


Igogo
Jumapili, 1 Juni 2025

Mwanangu mkunga,

Mungu ni mwema, na nyanya safari hii zimekubali. Barua hii itavuka na mtumbwi wa mizigo, sijui utaipata lini, lakini nataka habari ya siku ile uwe nayo kwa maandishi, maana Paskazia anaisimulia kwa chumvi nyingi.

Ile Jumatatu saa nane nilikuwa nimeshakaa barazani kwake. Simu tumeiweka juu ya kinu, katikati yetu, tunaitazama kama uji unaotaka kufurika. Saa tisa, kimya. Saa tisa na nusu nikasema tuanze kupiga. Paskazia akasema, "Mtoto kaandika saa kumi. Saa kumi ndiyo saa kumi." Nikamwambia wewe si mzazi wake. Akaniambia, "Na wewe huna simu." Tukanuniana dakika kumi, ya kweli kabisa.

Saa kumi akapiga. Mshauri akasema mlitoka salama. Kituo cha afya wakasema hamjafika. Nikaanza Rozari, nikarukia fumbo la tatu, sikujua nimeyapitaje mengine. Namba ya tatu, yule mwenyekiti wa mwalo. Paskazia akasikiliza, akatikisa kichwa, akasikiliza, halafu akaangua kicheko. Nikamshika mkono, "Nini? Nini?"

Akaniletea mdomo karibu na sikio la kushoto. Kumbe upepo umekuja, jaketi zimepungua tatu, na mtu wa mtumbwi anataka mvuke hivyo hivyo kabla jua halijazama. Mwenyekiti anasema, "Huyo binti wenu ndiye aliyekataa. Amekaa juu ya begi lake, anasema jaketi zikitimia na upepo ukilala atapanda, la sivyo atalala kwa mke wangu. Na mke wangu ameshaweka ugali." Mtandao wa simu yako ndio uliokunyima kutuma ujumbe.

Mwanangu, hukuwa umefika. Ulikuwa upande usiokuwa wako, na maji mbele yako. Nami nikarudi kwangu, nikala, nikalala fofofo, kwa sababu nilijua uko nyumba gani na unakula nini.

Asubuhi saa nne nilikuwa kwenye kamba naanika nguo. Nikamwona Paskazia anatoka mbio, simu juu, mdomo unakwenda, mimi sisikii kitu. Nikamwonyesha sikio. Basi akajaza mapafu, akapaza sauti, Dorcas, nadhani hata kule kisiwani uliisikia:

"AMEFIKA! DORCAS AMEFIKA BUMBIRE! YUKO KITUO CHA AFYA, ATAKAA MPAKA KATIKATI YA MWEZI WA SITA!"

Madirisha yakafunguka. Salum kaacha gurudumu likizunguka akaitika, "Alhamdulillahi!" Mama wa genge la mkaa akauliza, "Bumbire ipi, ya Muleba?" Mtu nisiyemjua kabisa, anapita na ndoo, akasema hongereni.

Nami nikasimama pale na shuka lako mkononi, linachuruzika maji. Siri ya safari yako mtaa mzima unayo, wanaotupenda na wasiotupenda. Nikangoja nione kama nitaogopa. Halafu nikamjibu yule wa mkaa, kwa sauti ile ile: "Ndiyo, ya Muleba! Anazalisha!"

Paskazia na mimi tunakusalimu. Yeye yuko hapa, ananiambia nimeandika vya kutosha, maharage yanaungua.

Mama yako mkubwa,
Teodora